Katekista na Meza ya Mninga

Ukimkaribisha Katekista nyumbani kwako, ficha kwanza ubao wa kukatia mboga. Sisi tunaoishi upande wa Ganako tulilijua hilo, na mgeni akihamia tulimwambia mapema, pamoja na habari za maji na umeme. Mwenyekiti wa kwaya alipuuza, akamwita kwa chai, na tangu siku hiyo kwake vitunguu vinakatiwa mkononi.

Wala si kwamba alikuwa mwizi. Hakuiba hata sindano. Aliomba, akaomba tena, kisha akanyamaza akikitazama kile kitu kwa huruma, mpaka wewe mwenye mali ukajiona ndiye uliyemdhulumu. Ukishampa alikigonga kwa kifundo cha kidole mara tatu, sikio limeinama, akisikiliza. Halafu alitoa hukumu: "Huyu yumo," au "Huyu hayumo." Na yule asiyekuwemo hakurudishwa pia, kwa sababu Katekista aliamini hata ubao unaweza kutubu.

Mimi ni dereva wa watalii. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimamisha gari kwenye uwanja wake tukitoka kreta, wageni wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wanatafuta choo na kitu cha kununua. Katekista alikuwa na vyote viwili. Nilimpenda mzee yule na nilimchoka, mara nyingi ndani ya saa ile ile.

Alikuwa amefundisha dini muda mrefu, akiwaandaa watoto kwa komunyo ya kwanza, na hapakuwa na mtoto aliyepita kwake kwa kubahatisha. Alipostaafu aligeukia udongo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kana kwamba nimeuliza kwa nini watu wanakula: "Mungu mwenyewe alianzia hapo, dereva. Mimi ni nani nianzie kwingine?" Akaenda gereji mjini Karatu, akaomba flaiwili ya gari bovu, lile gurudumu zito la injini, akaomba na fundi, na wiki ile ile alikuwa na gurudumu la kufinyangia. Unalisukuma chini kwa mguu, na juu inazunguka sahani ya chuma yenye boliti mbili zilizosimama kama masikio ya sungura.

Zile boliti ndizo chanzo cha yote. Chungu kibichi ukikikamata kwa mikono ili ukitoe kwenye gurudumu, kinapinda. Ulifinyanga bakuli, unaondoka na kitu kama sikio la tembo. Kwa hiyo mfinyanzi anaweka kibao cha mviringo juu ya ile sahani, chenye matundu mawili ya kuingilia boliti, anafinyanga juu yake, na akimaliza anainua kibao pamoja na chungu chake, anakwenda kukiweka kivulini. Chungu hakiguswi. Anaweka kibao kingine, anaendelea. Ndiyo maana mfinyanzi mwenye kibao kimoja anafinyanga chungu kimoja, halafu anakaa kukitazama kikikauka, na Karatu wakati wa baridi, ukungu umeshuka kutoka msituni, utakitazama mpaka uote ndevu.

Lakini si kila kibao ni kibao. Hapo ndipo ukatekista wake ulipoamka. Alivipa vibao mafundisho. Kila kimoja kililazwa ndani ya ndoo ya maji, kikaanikwa juani, kisha kikawekwa chini ya godoro lake ili alale juu yake na kujua tabia yake. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Katekista, alilala juu ya tabia hizo hizo bila kuulizwa. Kibao kikifaulu kilipewa jina. Kikifeli kilipewa jina pia, ila baya.

Kipande cha jipsamu kilichobaki kwenye dari ya loji fulani kilikuwa Mlevi. Kilikunywa maji yote ya udongo, kitako cha chungu kikakauka kabla ya mabega, na chungu kikapasuka. Tena kilikuwa kikimeguka, na vile vichembe vikiingia kwenye udongo, chungu kikifika motoni kinalipuka. Plaiwudi ya sanduku la friji ilikuwa Mnafiki: ikiwa kavu imenyooka kama askari wa gwaride, ikiloa inainua kingo. Mfuniko wa ndoo ya plastiki aliuita Mteleza, na alinikataza kulitaja jina hilo mbele ya wageni, sijui kwa nini, maana wageni wenyewe walikuwa Wajapani.

Na wageni walihutubiwa. Katekista alisimama mbele yao na kibao mkononi akaongea mpaka jua likahama, habari za unyevu, kiburi, na mwisho wa dunia. Kisha alinigeukia nitafsiri. Nilisema, "Anasema ni vizuri kuchagua mbao nzuri." Alinitazama kwa mashaka. "Yote hayo umeyasema?" Nikamwambia Kiingereza ni lugha fupi. Alitikisa kichwa akiwasikitikia Waingereza.

Mtu huyu aliyewachapa watoto kwa uongo mdogo wa kusingizia tumbo, kwa watalii alidanganya bila kukohoa. Kuna kambi moja ilifungwa, na bango lake la mbao lilikuwa na maandishi ya kuchonga. Alilikata vibao. Vyungu vikawa vinatoka na vipande vya herufi kwenye vitako, vimegeuka kinyume. Mgeni mmoja mwenye miwani mikubwa aliuliza ile alama ina maana gani. "Ni ya ukoo," akasema Katekista. "Ya zamani sana." Yule bwana alipiga picha kila kitako kilichokuwepo uwanjani, na mimi nilikwenda kusimama nyuma ya gari.

"Katekista," nilimwambia walipopanda, "si ulisema uongo ni dhambi?"

"Ukoo wangu si wa zamani?"

Lakini kibao kilichovuruga nyumba yake kiliitwa Mtoro. Kilikuwa cha mgrivea, kizuri cha macho, ila matundu yake yalikuwa yamelegea, kila siku Katekista akiyashikiza kwa udongo. Siku hiyo nilileta kundi kubwa, na mama mmoja mrefu mwenye kofia mpya alikaa karibu kabisa na gurudumu. Wageni wakishangilia, Katekista alikuwa na udhaifu wa kukanyaga. Walishangilia, akakanyaga. Bakuli lilikuwa linainuka vizuri mikononi mwake, udongo unang'aa, mara Mtoro akaziaga boliti, akaondoka na bakuli lake mgongoni, akapita katikati ya wageni wawili waliokuwa wanapiga picha, na kutua kwenye mapaja ya yule mama. Bakuli lilikuwa limesimama wima, halijapinda hata ukingo.

Wageni walipiga makofi mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Walidhani ndivyo ilivyo. Jioni ile bosi wangu alinipigia simu: wameandika mtandaoni, watu wanataka chungu kinachoruka, je, kinaruka kila siku au kwa oda? Nilipompelekea Katekista habari hiyo alikasirika sana. "Mimi si sarakasi!" Aliniambia kwamba chungu kuruka ni aibu ya mfinyanzi, sawa na mwanafunzi wake kuanguka na mshumaa mbele ya askofu. Aliniambia hayo kwa muda mrefu. Nilipokuwa nawasha gari alikuja dirishani. "Yule mama wa kofia," akanong'ona, "alifurahi kweli?"

Alifurahi, nikamwambia. Alitabasamu, kisha akakumbuka kukunja uso.

Basi akaapa kutafuta kibao kisichovimba, kisichokunywa, kisichotoroka. Alizunguka Karatu yote. Aligonga milango ya maduka, meza za wauza mitumba, ubao wa matokeo kwenye kibanda cha mpira. Muuza majeneza alimfukuza. Vyote havikuwemo. Akarudi nyumbani amechoka, akakaa kula, na katika kuusubiri ugali upoe akagonga meza kwa kifundo cha kidole, hivi hivi tu, kwa mazoea.

Mara tatu. Sikio likainama.

"Nilizunguka mji mzima nikimtafuta," alinisimulia baadaye, na hata baada ya yote yaliyotokea sauti yake bado ilikuwa na furaha, "kumbe nakula ugali juu yake!"

Ilikuwa meza ya mninga, na mninga hauchezi, uloe au ukauke. Ilikuwa pia meza ya Mama Katekista. Kaka zake waliibeba begani siku ya harusi, na juu yake alikuwa amelisha watoto wote, amekandia unga, amepigia pasi, na kila jioni akitoka kuokota mayai aliweka kikapu pale pale, kwenye kona ya dirishani, bila kutazama. Wiki ile alikuwa Mbulu kumuuguza dada yake. Katekista alipata nafasi, na akapata msumeno mwembamba wa kukata mviringo. Alikata kwa mkono, ulimi nje, na uso wa meza ukatoa vibao sita. Kila kimoja akakitoboa matundu mawili ya boliti. Aliniambia hakuwa ameiharibu meza. Miguu yote ilikuwepo.

Mama alirudi jioni, akapitia bandani kwa kuku wake kabla hata ya kuvua viatu, akaokota mayai ya siku zote alizokuwa hayupo, akaingia ndani kwenye giza giza na kuweka kikapu kwenye kona ya dirishani, bila kutazama.

Kikapu kilipita.

Waliokuwa jirani wanasema hawakusikia kelele yoyote, na hilo ndilo lililowatisha. Mama alisimama akitazama sakafu kupitia kwenye meza. Kuku mmoja alikuwa ameshafika chini pale kuonja. Katekista akaja mbio na vibao viwili mikononi, uso unawaka. "Mama, nimepata! Gonga usikie!"

Hakugonga. Alichukua kitenge chake na kikapu kitupu, akarudi alikotoka. Kabla hajavuka geti alisema neno moja tu, na kufikia asubuhi Ganako nzima ilikuwa inalijua: "Siku nitakayoweka kikapu juu ya meza yangu kikakaa, na mimi nitakaa."

Meza yangu, alisema. Katekista alijaribu kupita pembeni ya hilo neno. Alinunua meza ya plastiki ya bluu, akaniomba niipige picha nimtumie mama kwa simu. Nilituma. Kisha nikampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo bluu ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Yangu ni ya mninga," akasema, na akaniuliza hali ya wanangu.

Fundi seremala alijitolea kutengeneza nyingine bure, nzuri kuliko ile. Mama akakataa. Wazee wawili wa kanisa walikwenda Mbulu na kibuyu cha asali kuomba yaishe. Walipokelewa vizuri, wakalishwa, wakarudi bila kibuyu na bila mama. Na muda wote huo vibao sita vilikuwa vinafanya kazi ambayo sijawahi kuiona. Vyungu vilitoka vimetulia, vitako vizima, hakuna kilichopasuka. Loji tatu ziliagiza. Sijawahi kumwona mtu akifanikiwa kwa huzuni kiasi kile. Alikuwa anakula kwa kusimama, bakuli mkononi, akizunguka zunguka chumbani. Nilimuuliza kwa nini asikae.

"Chakula hakina mahali pa kutua," akasema.

Nilimwambia wazi: "Rudisha vibao, Katekista. Funika matundu, mama arudi. Kwani vyungu vitakupikia?"

Alinionyesha vyungu vilivyokuwa juu ya vibao, vibichi bado. Kwake chungu hakitolewi kwenye kibao chake mpaka kiachie chenyewe. "Huwezi kumtoa mtu kanisani kabla ya baraka." Kikiachia, kingine kinakuwa kimeshaanza kwenye kibao cha pili, na cha pili kikiachia kuna cha tatu. Nikamwambia kwa hesabu hiyo mama atarudi siku ya kiyama. Siku zilizofuata nilipita na wageni nikakuta gurudumu limesimama, limefunikwa gunia. Katekista alikuwa amekaa kivulini mbele ya vyungu sita, mikono mapajani, anavisubiri viachie. Hakuanza kingine. Wageni waliuliza anafanya nini. Nilisema anasali, na sidhani kama nilidanganya.

Cha mwisho kilipoachia nilimkuta ndani, amelala chali chini ya meza na nyundo, kama fundi wangu chini ya gari. Alikuwa anapigilia vipapi vyembamba vya mbao kwenye kingo za matundu ili vibao vipate pa kukalia. Kazi kubwa ilikuwa kujua kipi ni cha wapi, kwa kuwa alikata kwa mkono na hapakuwa na duara lililofanana na mwenzake. Kimoja kilikuwa na umbo linalokaribia la yai. Alivijaribu kimoja kimoja, akivizungusha, mpaka mistari ya mbao ikaungana.

Mama alikuja na kikapu cha mayai. Alikuja nacho kwa makusudi, mayai ya Mbulu, na nusu ya Ganako ilikuwa na jambo la kuulizia nyumbani pale siku hiyo. Mimi niliingia kuuliza kama wameona spana yangu. Mama alikwenda kwenye kona ya dirishani na kuweka kikapu. Alikiachia. Alibonyeza meza kwa dole gumba, hapa na pale. Kikapu kilikaa.

"Na haya macho?" akauliza, maana kila kibao kilikuwa na matundu yake mawili ya boliti, na meza nzima ilikuwa inakutazama.

"Ni ya boliti," akasema Katekista kwa sauti ndogo.

"Yananitazama."

"Yalikuwa yanakusubiri."

Mama alivuta kiti akakaa. Watu wakaanza kuondoka, na mimi nikasema nimekumbuka spana iko garini. Lakini kabla hatujatoka mama alitoa sheria, tukiwa mashahidi: meza hii haitoki kipande mpaka yeye aseme. Katekista akakubali. Siku ile angekubali kuhamia Dodoma.

Akarudi kwa Mlevi na Mnafiki. Vyungu vikaanza tena kupasuka, oda za loji zikakatika, wageni wangu wakawa wananunua kwa huruma. Nilitegemea ataomba; nilimjua mtu aliyewaombea watu mbao mpaka wakajiona wakosaji. Hakuomba. Alikula chakula chake juu ya kibao bora kuliko vyote Karatu, mchuzi ukimchuruzikia magotini kupitia kwenye macho, na akashukuru.

Mara ya mwisho nilipokaa nao ilikuwa msimu wa baridi uliopita. Nilikuwa nimetoka kushusha wageni, njaa inaniuma, mama akanikalisha mezani. Unajifunza haraka pale: sahani unaiweka juu ya macho, kuyaziba, na mchuzi unaupakua kidogo kidogo. Katekista amezeeka sana. Mikono yake inatetemeka sasa, ila anasema inatulia ikigusa udongo, na kwa hilo namwamini. Nje ya dirisha niliona vipande vya bakuli pana vilivyopasuka, vya siku tofauti, vimepangwa kama makaburi.

Nilimuuliza ni oda ya nani. Alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mama alikuwa anakula polepole, akichambua ugali wake kama ana siku nzima. Kikapu chake cha mayai kilikuwa kwenye kona ya dirishani, kimezeeka nacho, kimefungwa kamba pembeni. Katekista alikula bila kuinua macho. Udongo wake ulikuwa tayari mlangoni, umekandwa, umefunikwa kitambaa chenye maji, na karibu yake alikuwepo Mnafiki, kingo juu, akisubiri kuharibu kazi nyingine. Mzee alitazama udongo, akatazama sahani yake, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja na kuikalia.

"Hilo bakuli," mama akasema, "limeshapasuka mara ngapi?"

"Lipi?" akauliza Katekista.

"Mzee, uongo huo waambie wazungu. Hilo la mayai yangu."

Niliteremsha macho mpaka kwenye sahani yangu nikakuta hakuna kitu.

Mama alilamba vidole, kimoja kimoja. Aliinua sahani yake akaiweka mapajani. Kisha aliingiza ngumi chini ya meza, akagonga kuelekea juu, na kibao kilichokuwa mbele yake kikaruka kutoka kwenye tundu lake. Akakipangusa kwa pindo la kitenge.

"Haya, chukua. Mayai yanazeeka yakingoja."

Katekista alisimama. Alikipokea kwa mikono miwili, na mimi nikainamisha sikio kabla yake, kwa mazoea tu, nikingoja kifundo cha kidole. Hakukigonga. Alikitia kwapani akatoka nacho kwenye gurudumu, na mama akaendelea kula na sahani magotini, akiinuka kidogo kila mara kumtazama kupitia dirishani.